Sikamu kujisokota na kuziba utumbo mpana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo ambayo wagonjwa na ndugu zao huuliza wodini, mara nyingi upasuaji ukiwa umekwisha na mtu amepata nafasi ya kujiuliza kilichompata. Kama wewe au mtu wako ana tumbo lililovimba sasa hivi, linauma, na hapitishi choo wala hewa, acha kusoma. Nendeni hospitali yenye daktari wa upasuaji. Mengine yatasubiri.

Sikamu ni nini, na inajisokotaje?

Ni mfuko ulio mwanzo wa utumbo mpana, chini upande wa kulia wa tumbo. Utumbo mwembamba humwagia hapo, na kidole tumbo huning'inia hapo. Kwa watu wengi mfuko huu umeshikamana na ukuta wa nyuma wa tumbo na hauendi popote. Kwa wachache haukushikamana, unaelea. Mfuko unaoelea unaweza kuzunguka kwenye shina lake, na ukizunguka vya kutosha mambo mawili hutokea kwa pamoja: njia ya choo hufungwa, kuingia na kutoka, na mishipa ya damu inayopita katika shina hilo hukabwa. Tumbo kujaa ndiko kunakomleta mgonjwa hospitali, lakini kinachoua ni kukabwa kwa ile mishipa.

Si kila sikamu huzunguka kwa namna moja. Nyingine hujisokota papo hapo ilipo. Nyingine huzunguka pamoja na kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba, kisha huonekana juu upande wa kushoto, mbali kabisa na mahali pake. Namna ya tatu haina msokoto hata kidogo: sikamu hujikunja tu kuelekea juu, ikaziba kwenye mkunjo. Hii ya mwisho huacha mishipa salama kwa muda mrefu zaidi, ila nayo ikijaa sana hupasuka.

Kwa nini kwa wengine haikushikamana?

Ni mambo ya tumboni mwa mama. Karibu wiki ya 6 ya ujauzito utumbo wa mtoto hukua haraka kuliko nafasi iliyopo, hivyo sehemu yake hutoka na kuingia kwenye kitovu. Karibu wiki ya 10 hurudi ndani huku ukizunguka, jumla nyuzi 270 (robo tatu ya mzunguko kamili), na sikamu ndiyo miongoni mwa sehemu za mwisho kutulia. Kisha upande wa kulia wa utumbo mpana hutakiwa kugandana na ukuta wa nyuma. Hatua hiyo ya mwisho isipokamilika, mtu huzaliwa na sikamu inayocheza. Si ugonjwa, wala hakuna mama aliyesababisha kwa kula au kutokula kitu fulani. Uchunguzi wa maiti umeonyesha kwamba kati ya asilimia 10 na 25 ya watu wana sikamu ya namna hii, na karibu wote huishi hadi uzeeni bila kujua.

Basi ni nadra kiasi gani?

Kati ya watu wazima walioziba utumbo kwa sababu yoyote ile, wenye sikamu iliyojisokota ni asilimia 1 hivi, pengine na nusu. Utumbo mpana ukiziba, daktari kwanza hufikiria saratani, kisha kujisokota kwa sehemu ya mwisho ya utumbo mpana iitwayo sigimoidi, ambako katika sehemu nyingi za Afrika, Mashariki ya Kati na Asia ya Kusini ni tatizo la kawaida. Sikamu huja nyuma kabisa ya foleni. Ugonjwa wenyewe haufichiki hivyo. Unachelewa kutambuliwa kwa sababu hakuna aliyekuwa akiufikiria.

Nani yuko hatarini zaidi?

Sikamu inayoelea ni sharti la kwanza. Halafu lazima pawepo kitu cha kuisukuma au cha kuipa mhimili wa kuzungukia. Makovu ya ndani yaliyoachwa na upasuaji wa zamani wa tumbo ndiyo mhimili unaokutwa mara nyingi: uzi mmoja wa kovu unashika sehemu ya utumbo, nyingine inazunguka hapo. Mimba huinua sikamu kutoka mahali pake. Uvimbe au saratani mbele zaidi katika utumbo mpana hurudisha hewa nyuma na kuijaza. Kufunga choo kwa muda mrefu, kulala kitandani wiki nyingi kwa maradhi mengine, hata hewa inayopulizwa ndani wakati wa kipimo cha kolonoskopia (kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa kuangalia utumbo mpana), vyote vimewahi kuwa chanzo.

Wanawake huonekana zaidi kuliko wanaume, na wagonjwa wa sikamu kwa kawaida ni vijana kuliko wale wa sigimoidi, ambao wengi wao ni wazee.

Dalili zake ni zipi?

Maumivu huja kwanza. Huanza kama msokoto wa tumbo: yanapanda, yanakaza, yanaachia kidogo, yanarudi. Wengi huyasikia katikati ya tumbo au upande wa kulia. Tumbo linaanza kujaa, na mara nyingi halijai sawasawa. Upande mmoja unanyanyuka kuliko mwingine. Kwa kuwa palipoziba ni jirani na utumbo mwembamba, kichefuchefu na kutapika huja mapema kuliko katika kuziba kwa sehemu za mbele za utumbo mpana. Choo kinakoma, na hewa nayo inakoma.

Usidanganyike na choo kidogo kinachotoka saa za mwanzo. Utumbo ulio mbele ya msokoto ulikuwa na vitu vyake tayari, na utavisukuma nje hata kama nyuma pamefungwa. Mgonjwa anasema "nimekwenda haja asubuhi", watu wanapumua, na muda unakwenda.

Maumivu yakibadilika, yaani yakiacha kuja na kuondoka na kuwa makali mfululizo, mgonjwa akiogopa hata kukohoa au kugeuka kitandani, homa ikipanda na moyo ukienda mbio, hapo huenda utumbo umeanza kufa au umetoboka. Nafuu ya ghafla nayo si ya kushangilia. Utumbo uliopasuka hupunguza ule mkazo kwa muda mfupi kabla maambukizi hayajasambaa tumbo zima.

Nitautofautishaje na kufunga choo kwa kawaida?

Angalia hewa. Aliyefunga choo tu anaweza kukaa siku kadhaa bila haja kubwa, lakini bado anajamba, anakula kidogo, na tumbo lake ni zito bila kuwa gumu. Aliyeziba kweli hapitishi hewa, tumbo linaongezeka saa kwa saa, na chakula hakitulii. Kutapika pamoja na tumbo kujaa si kawaida ya kufunga choo. Kufunga choo pia hakumwamshi mtu usiku kwa maumivu ya kupiga kelele.

Ukibaki na shaka, ichukulie kuwa ni kuziba.

Nikiwa nasubiri usafiri, ninywe haluli au nipigwe enema (maji ya kusafisha utumbo kupitia njia ya haja kubwa)?

Hapana, kwa vyote viwili. Haluli hulazimisha utumbo kusukuma dhidi ya mlango uliofungwa, na huongeza maji ndani ya mfuko ambao tayari umetanuka. Usile wala usinywe chochote. Tumbo tupu litarahisisha pia kazi ya nusu kaputi. Kama unatumia dawa za kila siku, zibebe, na umweleze daktari ulizozimeza mara ya mwisho lini.

Tumbo langu limekuwa likijaa upande wa kulia kisha likiachia lenyewe kwa miaka. Inaweza kuwa ni hili?

Inaweza. Kuna watu ambao sikamu yao huzunguka nusu, inaziba kwa saa chache, kisha inajinyoosha. Maumivu huja upande wa kulia, tumbo linavimba, halafu mtu anapitisha hewa nyingi na kila kitu kinaisha kana kwamba hakukuwa na neno. Wengine husema wakilala ubavu fulani hupata nafuu. Akifika kliniki wiki mbili baadaye tumbo ni laini, picha ni safi, na anaondoka na dawa za asidi au anaambiwa ni msongo wa mawazo. Si haki kumlaumu daktari aliyemwona siku hiyo, maana kweli hakukuwa na cha kuona.

Kinachosaidia ni kupigwa picha wakati maumivu yapo. Kwa hiyo ukipata tukio jingine, nenda siku hiyohiyo, usisubiri lipite. Waeleze matukio yaliyotangulia, kila moja lilidumu muda gani na liliisha vipi. Maelezo hayo, mbele ya daktari anayesikiliza, yana uzito kuliko picha ya siku ya utulivu.

Daktari anatambuaje?

Huanza kwa mikono. Ataangalia tumbo ukiwa umelala chali, aone wapi limenyanyuka na kama kuna kovu la zamani. Ataweka kidole kimoja juu ya tumbo na kukigonga kwa kidole cha mkono mwingine. Penye hewa nyingi sauti hurudi kama ngoma iliyowambwa. Atabonyeza taratibu na kuachia. Ataangalia kinena na kitovu kutafuta ngiri, na atapima njia ya haja kubwa kwa kidole. Watu huona haya kwa hili la mwisho, lakini hapo ndipo uvimbe wa rektamu (kipande cha mwisho cha utumbo mpana) na choo kilichogandamana hugunduliwa.

Eksirei ya tumbo hufuata. Sikamu iliyojisokota mara nyingi huonekana kama puto moja kubwa lenye umbo la figo au punje ya kahawa, limekaa juu kushoto, na ndani yake mstari mmoja mrefu ambapo hewa inakutana na maji. Upande wa kulia chini, ilipopaswa kuwepo, panaonekana patupu. Wataalamu hupima upana wake. Sikamu inayozidi sentimita 9 imetanuka. Ikifika 12 hofu ya kupasuka huwa kubwa, kwa sababu kadiri mfuko unavyopanuka ndivyo ukuta wake unavyobeba mkazo mkubwa zaidi kwa shinikizo lilelile.

Hata hivyo eksirei huacha wengi bila jibu, na mara nyingi husomwa kuwa ni utumbo mwembamba ulioziba. Kipimo kinachomaliza ubishi ni picha ya CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha tumbo kipande kwa kipande) yenye dawa ya kung'arisha mishipa. Humo msokoto huonekana wenyewe: mishipa na mafuta ya shina vimezunguka kama maji yanayoingia kwenye bomba la sinki. CT pia huonyesha kama ukuta wa utumbo bado unapata damu, kama kuna hewa iliyovuja nje, na kama mbele kuna saratani iliyoanzisha yote haya. Vilevile humtenga mgonjwa ambaye utumbo wake mpana umetanuka bila kizuizi chochote, jambo linalowapata hasa watu waliolazwa kwa maradhi mazito au waliotoka kwenye upasuaji mwingine. Huyo matibabu yake ni tofauti kabisa.

Picha isiwe sababu ya kuchelewa. Mgonjwa ambaye tumbo limekuwa gumu kama ubao na shinikizo la damu linashuka hahitaji foleni ya CT. Anahitaji meza ya upasuaji.

Vipimo vya damu vikitoka vizuri, hatari imepita?

Hapana. Chembe nyeupe za damu na laktati (asidi inayoongezeka mwili usipopata damu ya kutosha) zikipanda zinaongeza wasiwasi, lakini zikiwa kawaida haziondoi wasiwasi wowote, hasa saa za mwanzo.

Ninamfahamu mtu aliyejisokota utumbo akatolewa hewa kwa mpira na kurudi nyumbani. Kwa nini mimi wanataka kunipasua?

Kwa sababu karibu hakika huyo alikuwa na sigimoidi. Sigimoidi iko karibu na njia ya haja kubwa. Kifaa cha kolonoskopia hufika kwa urahisi, hewa na maji vinatoka kwa kishindo, msokoto unafunguka, na upasuaji unapangwa siku chache baadaye mgonjwa akiwa ametulia. Kwa sigimoidi isiyo na dalili za kuoza, hiyo ndiyo hatua ya kwanza inayofaa.

Sikamu iko mwisho wa safari. Kifaa kinapaswa kupita utumbo mpana wote, ambao haukusafishwa, huku kikipuliza hewa zaidi ndani ya tumbo ambalo tayari limejaa. Majaribio mengi hushindwa, mengine hutoboa utumbo, na yaliyofaulu mara nyingi hufuatiwa na msokoto mwingine. Ndiyo maana miongozo ya madaktari wa upasuaji wa utumbo mpana haipendekezi njia hiyo kwa sikamu. Ukiambiwa "tusubiri kwanza tuone", ni halali kabisa kuuliza kinasubiriwa nini, na ni dalili gani itakayowafanya waache kusubiri.

Kabla ya kuingia chumba cha upasuaji wanafanya nini?

Wanakurudishia maji. Mtu aliyeziba utumbo amepoteza lita kadhaa, sehemu kwa kutapika na sehemu kubwa imejificha ndani ya utumbo wenyewe, kwa hiyo dripu huanza mara moja. Mpira hupitishwa puani hadi tumboni kunyonya vilivyomo, ili usitapike na kuvuta matapishi kwenye mapafu wakati wa nusu kaputi. Mpira wa mkojo huwekwa kupima kama figo zinapata maji ya kutosha. Potasiamu iliyoshuka hurekebishwa, antibayotiki huchomwa, damu hupimwa kundi na kuandaliwa. Dawa ya maumivu unapaswa kupewa; dhana kwamba itaficha ugonjwa imepitwa na wakati.

Hayo yote hufanywa kwa saa chache, na mengine huendelea hata mgonjwa akisukumwa kuelekea thieta.

Katika upasuaji wenyewe kinatokea nini?

Kwa dharura wengi hufunguliwa kwa mkato wa katikati ya tumbo, kwa sababu utumbo uliojaa hauachi nafasi ya kamera. Daktari hutafuta kwanza rangi. Utumbo mzima ni wa waridi, unang'aa, na ukiguswa hujikunyata. Uliokabwa huwa wa zambarau. Uliokufa ni mweusi au wa kijani kibichi kilichofifia, umelegea, na una harufu ambayo kila aliyemo chumbani huitambua.

Kama bado uko hai, daktari hunyoosha msokoto, hufunika utumbo kwa vitambaa vyenye maji ya uvuguvugu, na kusubiri dakika kadhaa kuona kama rangi inarudi na mshipa unadunda. Kama umekufa, haunyooshwi kwanza. Shina hubanwa likiwa limejisokota vilevile na sehemu yote hukatwa, ili sumu na vijidudu vilivyokusanyika humo visirudi kwenye damu kwa mkupuo.

Ukikutwa hai, kwa nini usinyooshwe tu na kurudishwa?

Kwa sababu kilichoufanya uzunguke bado kipo. Kunyoosha peke yake huacha mlango wazi. Kuna njia ya kushona sikamu kwenye ukuta wa tumbo ili isicheze tena. Ni fupi na haiondoi utumbo, lakini nyuzi huweza kuachia na msokoto kurudi. Zamani wengine walitoa tundu la kupumulia kwenye sikamu kupitia ngozi. Siku hizi karibu imeachwa, maana huvuja na kuoza mara nyingi mno.

Kukata sikamu pamoja na sehemu ya utumbo wa kulia kunamaliza kabisa. Kisichokuwepo hakijisokoti. Kwa mgonjwa anayehimili, hilo ndilo chaguo ninaloliona bora, na ndilo linalopendekezwa kwa kawaida. Kushona bila kukata nakubakiza kwa yule ambaye mwili wake hauwezi kubeba upasuaji mrefu.

Nitatoka na mfuko wa choo tumboni?

Wengi hawatoki nao. Ncha mbili za utumbo huunganishwa papo hapo kama zina afya na shinikizo la damu limetulia. Tumbo likikutwa limechafuka, au mgonjwa akiwa anategemea dawa za kuinua shinikizo, muunganiko huo unaweza kuvuja, kwa hiyo utumbo mwembamba hutolewa nje kwenye ngozi kwa muda. Kwa kawaida hurudishwa ndani baada ya miezi michache.

Mimi ni mjamzito. Nitajuaje?

Hapa ndipo panaponasa watu. Mimba yenyewe huleta kichefuchefu, tumbo kubwa, kufunga choo na maumivu ya kukaza, yaani kila kitu kilichoorodheshwa juu. Kinachopaswa kukushtua ni kutapika kunakoanza upya baada ya miezi ya mwanzo kupita, pamoja na kutopitisha hewa. Ultrasaundi na MRI, picha zisizotumia mionzi, hutumika inapowezekana, lakini hofu ya mionzi isizuie CT pale maisha ya mama yanapoitegemea. Kuchelewa ndiko kunakomdhuru mtoto zaidi.

Na mtu asiyeweza kujieleza?

Watoto na watu wazima wenye ulemavu wa ubongo, hasa wanaokaa kitandani na kufunga choo mara kwa mara, wako katika hatari zaidi ya utumbo kujisokota. Hawatasema "naumwa". Watakataa chakula, watakunja miguu kuelekea tumboni, watalia kwa namna ambayo mlezi wao hajaizoea. Mlezi anayesema "leo hayuko kama kawaida yake, na tumbo hili si lake" ametoa historia ya ugonjwa iliyokamilika, na anastahili kusikilizwa hivyo.

Baada ya sikamu kuondolewa, nitaishi kawaida?

Ndiyo, ila choo kitabadilika kwa muda. Pamoja na sikamu huondoka vali iliyokuwa ikipunguza kasi ya vitu kutoka utumbo mwembamba, kwa hiyo wiki za kwanza choo huwa chepesi na cha mara nyingi. Kwa wengi hutulia chenyewe. Kisipotulia, rudi, nyongo isiyofyonzwa inaweza kuwa ndiyo inayousumbua utumbo, na kuna dawa yake. Kama kipande kirefu cha mwisho wa utumbo mwembamba kilikatwa, uliza kuhusu vitamini B12, kwa sababu hufyonzwa hasa hapo, na upungufu wake huweza kuchukua miaka kujitokeza. Usinyanyue vitu vizito kwa wiki 6 hivi kama ulifunguliwa tumbo.

Omba karatasi iandikwe wazi ni nini kilichokatwa na kama kidole tumbo kimeondoka nacho. Siku ukiumwa upande wa kulia mahali pengine, karatasi hiyo itawaokolea madaktari saa nzima ya kubahatisha.

Ndugu zangu wapimwe?

Hakuna haja. Hakuna kipimo cha kumtafuta mwenye sikamu inayoelea asiye na dalili, na wala haitibiwi hadi isumbue.